Maji Yasiyotuliza Macho

Hapa kwetu Mwandiga mtu akisema amechora maji, twatazamia mtumbwi, karabai za wavuvi wa dagaa, na jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Leo nazungumzia mchoraji ambaye maji yake hayatulizi macho.

Huyu ni Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kupelekwa Uingereza angali mchanga, baada ya kufiwa na baba yake. Mwaka 2017 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Turner ya huko.

Katika picha yake moja ya mwaka 1991, wanawake wawili weusi wamekaa mashuani, katikati yao rundo la ramani. Wanaziharibu, kana kwamba wanataka kuifuta safari iliyowafikisha hapo.

Mwaka 2016 alianza picha alizoziita Le Rodeur. Hilo ni jina la meli ya Kifaransa iliyobeba watumwa mwaka 1819. Ugonjwa wa macho ulizuka melini, na mateka waliopofuka wakatoswa baharini kwa kuwa wasingeuzika. Himid hakuchora maiti wala minyororo. Alichora watu waliovaa nadhifu, wamesimama karibu karibu, lakini kila mmoja kama hamwoni mwenziwe. Nyuma yao, bahari.

Kwa nini hivyo? Kwa maoni yangu, aonaye minyororo humhurumia mtumwa, kisha huenda zake. Aonaye mtu kamili huuliza: huyu ni nani, na kwao wapi?

Swali hilo latuhusu. Katika karne ya 19 mateka kutoka ng'ambo ya ziwa walivushwa hadi Ujiji, wakatembezwa kilometa zipatazo 1,200 kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Wengi walivushwa tena hadi Zanzibar, kwenye soko lililofungwa mwaka 1873. Kwa hiyo bahari ya Himid na ziwa letu ni njia moja.

Vijana wetu wanaochora ziwa wasiache kuchora mitumbwi ya dagaa. Lakini wamchore pia aliyevushwa bila kupenda, tena wamchore akiwa mtu mwenye kwao. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Wale wa Ujiji hawakuiacha asili yao, walinyang'anywa. Wawezao kuiacha ni sisi.