Wiki ya bumu na wiki zinazofuata

Kuna mzee wa kanisa ninayemfahamu ambaye huhesabu sadaka katika usharika ulio jirani na chuo kikuu. Anasema wiki ambayo wanafunzi wamesaini bumu anaijua bila kuambiwa na mtu. Kapu linakuwa na noti. Kwaya ya vijana inaingia na viatu vipya. Wiki ya tano noti zimegeuka sarafu, na wiki ya saba vijana wale wale ndio wa mwisho kuondoka pale inapogawiwa chai baada ya ibada. "Siwafukuzi," aliniambia. "Namwomba mama anayegawa aongeze maandazi."

Leo naandika kwa ajili ya vijana hao. Kama wewe ni mmoja wao, keti tuzungumze. Kama ni mzazi, usifunge gazeti, yako yapo mbele.

Bumu, kwa wasiolijua, ni fedha ya chakula na malazi ambayo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu humpa mwanafunzi aliyepata mkopo. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 imekuwa ikihesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa siku, lakini haitolewi siku kwa siku. Huja kwa mkupuo, ya siku kama 60, yaani shilingi 600,000 kwa anayepata kiwango kamili. Kijana aliyekuwa akipewa nauli ya daladala mkononi kila asubuhi hawezi kirahisi kuziona siku 60 ndani ya ujumbe ule wa simu. Anaona laki sita.

Hebu tuhesabu. Umepanga geto la 50,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita. Laki tatu imeondoka kabla hujanunua hata ndoo. Inayobaki, ukiigawa kwa siku 60, ni 5,000 kwa siku. Chai na chapati asubuhi, wali maharage kwa mama ntilie mchana, usiku unapika mwenyewe, bando, kutoa kopi za notisi: inawezekana, ila kwa kubana. Sasa nunua simu ya 180,000 siku ile ya kwanza kwa sababu wenzako chumbani wana simu nzuri. Umebaki na 2,000 kwa siku. Hesabu haiulizi kama umeokoka.

Mimi sikuhesabu. Mwaka wangu wa kwanza, zamani kidogo, bumu likiwa dogo kuliko la leo, nilinunua sabufa na jozi mbili za viatu. Siku ya 23 sikuwa na kitu. Niliona aibu kuomba, hivyo wenzangu walipokwenda kula niliwaambia nimefunga. Nikasema hivyo siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Habari zikafika kwenye kikundi chetu cha maombi, na Ijumaa nikaombwa kuongoza mkesha, kwa kuwa ndugu yetu yuko katika mfungo mzito. Niliongoza. Tumbo lilipounguruma nilipaza sauti. Jumatatu yake nikampigia mama simu, nikamwambia nahitaji fedha ya kitabu.

Mfano wa mwana mpotevu, Luka 15, tumeuzoea hata tunaumaliza kabla mhubiri hajafika katikati. Lakini angalia jambo moja. Kijana yule alimaliza fedha zake kwanza, ndipo njaa kuu ikaingia katika nchi ile. Njaa hiyo hakuileta yeye. Ingekuja hata kama angekuwa mtu wa sala. Tofauti ni kwamba ingemkuta na akiba. Bumu la pili kuchelewa si kosa lako. Kuugua na kuhitaji dawa si kosa lako. Ila vitakukuta na kile ulichobakiza.

Yusufu katika Mwanzo 41 alimshauri Farao atenge sehemu ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe. Sehemu ya tano ya laki sita ni 120,000. Bumu la kwanza, lenye kodi ya nyumba, huenda usiweze. Anza na la pili. Itoe siku ileile, kabla ya kitu kingine chochote, uiweke mahali pagumu kufikika: kibubu cha mbao, au kwa shangazi asiyebembelezeka. Kila ukoo una shangazi wa namna hiyo.

Na usisahau kwamba fedha hii ni deni. Ukiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani kwa mshahara wa 800,000 ni 120,000 kila mwezi. Sisemi hivyo kukutisha. Nasema ili siku unapotaka kuiweka yote kwenye mkeka wa mpira ujue unabeti mshahara ambao hujaupata.

Vijana wengi huniuliza kama bumu linatolewa fungu la kumi. Watumishi hawakubaliani katika hili. Mimi naona mkopo si ongezeko, ongezeko litakuja na mshahara. Toa kidogo, kwa moyo, kama Paulo anavyowaelekeza Wakorintho katika waraka wa pili, sura ya 9, bila kusukumwa. Lakini kuna wanaozunguka hosteli wakiwaambia wanafunzi wapande bumu lote kama mbegu, na hilo siwezi kulinyamazia. Anayemwambia mtoto wa watu apande chakula chake cha siku 60, na amlishe basi siku hizo.

Kuna wengine pia, watu wazima wenye magari, wanaoijua kalenda ya bumu vizuri sana. Wiki ya kwanza huwaoni. Wiki ya saba wanajua binti gani amekula mara moja tu tangu juzi. Wapo na wanaokopesha kwa simu kwa riba ya kukausha damu. Binti yangu, kijana wangu, kabla hujapokea kwa hao, nenda kwa mchungaji, nenda kwa yule mama wa maandazi, useme una njaa. Usiseme umefunga.

Mzazi, ukimpigia mwanao usimuulize masomo peke yake. Muulize jana alikula nini, na usikilize anachukua muda gani kujibu. Tena ule mtindo wa kumpangia mchango wa harusi ya binamu kwa sababu "ana bumu", uachwe.

Mama alinitumia ile fedha ya kitabu kesho yake. Likizo ilipofika nikakuta mbuzi mweupe hayumo zizini, na mdogo wangu ndiye aliyeniambia aliuzwa lini. Ilinichukua miaka 11 kumweleza mama ukweli. Habari ya mkesha ilimchekesha. Kisha akanyamaza, akaendelea kupepeta mchele wake, halafu akaniuliza, "Na hilo sabufa lilikwenda wapi?"

Nililiuza mwezi uliofuata, kwa theluthi ya bei, kwa mwanafunzi ambaye bumu lake lilichelewa na ndiyo kwanza lilikuwa limeingia.