Kitunguu Saumu Katika Chakula cha Kuku: Je, Chalipa?

Ndugu mkulima, ikiwa wafuga kuku wa nyama katika shamba lako la skimu, bila shaka umekwisha kuambiwa na jirani utie kitunguu saumu katika chakula chao. Mwingine atakuambia utie pilipili, mshubiri au majani ya mwarobaini. Habari hizi si upuuzi. Lakini kabla ya kufungua mfuko wako, uliza kitu hicho kitakurudishia shilingi ngapi.

Katika miaka ya 1940 wataalamu wa Marekani waligundua ya kuwa vifaranga wakitiliwa dawa za antibaiotiki kidogo kidogo katika chakula hukua upesi zaidi. Desturi hiyo ikaenea nchi nyingi. Baadaye ilionekana kwamba vijidudu vya maradhi huzizoea dawa hizo, hata mtu akiugua zisimfae. Basi nchi za Umoja wa Ulaya zikakataza kuwapa mifugo dawa hizo kwa ajili ya kuwakuza tu, tangu tarehe 1 Januari 2006. Ndipo watu wengi wakatazama tena mimea. Kitunguu saumu kikipondwa hutoa kitu kiitwacho alisini, ambacho huua baadhi ya vijidudu. Pilipili nayo kuku huila bila taabu, kwa maana ndege hawasikii ukali wake kama sisi. Mwarobaini ni mchungu; ukizidisha, kuku hupunguza kula, na kuku wa nyama asiyekula ni hasara itembeayo.

Sasa tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka bei za soko lako.

Tuseme umenunua vifaranga 100 kwa Sh. 100 kila mmoja, jumla Sh. 10,000. Katika wiki 6 kila kuku atafika kilo 2 hivi, naye atakuwa amekula kilo 4. Hiyo ni magunia 8 ya kilo 50, na kwa Sh. 3,500 gunia ni Sh. 28,000. Chanjo, makaa na maranda, weka Sh. 5,000. Gharama yote ni Sh. 43,000. Wakifa 5 ukauza 95 kwa Sh. 500, wapata Sh. 47,500. Faida yako ni Sh. 4,500. Tazama jinsi ilivyo nyembamba, na jinsi chakula kinavyomeza sehemu kubwa ya fedha.

Wengi hutia kilo 1 ya unga wa kitunguu saumu katika kilo 100 za chakula. Kwa kuku wako wahitaji kilo 4 za unga, nazo hutoka katika kilo 12 hivi za vitunguu vibichi. Kwa Sh. 300 kilo, hiyo ni Sh. 3,600. Haya, tuseme kitunguu kimefanya kazi, na badala ya kilo 400 za chakula kuku wamefika uzito ule ule kwa kilo 380. Umeokoa kilo 20, yaani Sh. 1,400. Umepoteza Sh. 2,200, na huku kuku wanapendeza machoni!

Usiseme, “Mimi ninavyo bustanini, ni vya bure.” Kitunguu ambacho ungaliweza kukiuza si cha bure. Lakini vile vidogo ambavyo mnunuzi huvikataa, hivyo vyaweza kukufaa.

Hata majaribio ya wataalamu hayakubaliani: pengine kitunguu husaidia, pengine tofauti haionekani. Kwa hiyo jaribu mwenyewe. Gawa vifaranga wa siku moja mafungu mawili ya 50, katika banda moja, chakula kimoja, fungu moja tu litiwe kitunguu. Pima kila chakula unachotoa na ukiandike. Siku ya 42 pima kuku, kisha gawanya kilo za chakula kwa kilo za kuku. Fungu lenye hesabu ndogo ndilo lililotumia chakula vizuri. Daftari la senti chache litakuambia mengi kuliko jirani.

Hakuna jani lolote badala ya chanjo ya Newcastle na ya Gumboro. Wala kitunguu hakiondoi sumu ya ukungu katika mahindi. Wakulima wa skimu ambao hujichanganyia chakula wajihadhari sana hapa, maana mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 huku kwetu, wengi wao katika Makueni na Kitui. Mahindi yakaushwe mpaka unyevu usizidi sehemu 13.5 katika 100. Yaliyoota ukungu usiwape kuku.

Tena kuna hasara nyingine ambayo wengi hawaiandiki. Kuku wa wiki 6 hula gramu 180 hivi kwa siku. Mnunuzi akichelewa siku 3, kuku wako 95 watakula kilo 51, karibu Sh. 3,600, sawa na kitunguu chote tulichotaja. Na ikiwa wauza kwa kichwa, si kwa kilo, hutalipwa kitu. Tafuta mnunuzi na mpatane siku ya kuchukua kuku kabla hujaagiza vifaranga.