Akiba ya Usingizi Katikati ya Atlantiki

Tuseme ni saa 9 usiku, katikati ya Bahari ya Atlantiki. Boti la matanga lenye urefu wa mita 12 linakwenda maili 6 za baharini kwa saa. Watatu wamelala, mmoja yuko zamu. Mbele yake, umbali wa maili 10, inachomoza taa nyeupe: meli ya makontena inayokuja moja kwa moja kwa mwendo wa maili 20 kwa saa. Jumlisha mwendo wa vyombo vyote viwili, utaona vinakaribiana kwa maili 26 kila saa. Mwenye zamu ana dakika 23. Akisinzia nusu saa, meli imeshafika.

Watu wakisikia habari za kuvuka bahari kwa tanga huuliza juu ya dhoruba, nyangumi na chakula. Ni maswali ya haki. Lakini chombo chenye watu wawili, watatu au wanne huishiwa usingizi kabla ya kuishiwa maji. Usingizi ni akiba, na unapaswa kupimwa na kugawanywa tangu siku ya kwanza kama vile maji ya kunywa.

Tuchukue njia inayopitwa na wengi: kutoka Las Palmas, katika visiwa vya Canary, hadi kisiwa cha Saint Lucia upande wa Karibi. Ni maili 2,700 hivi, safari ya siku 18 hadi 21 kwa boti la kawaida. Tangu mwaka 1986, kila Novemba, kundi kubwa la maboti huondoka Las Palmas kwa pamoja katika msafara ulioanzishwa na Jimmy Cornell. Mwezi huo umechaguliwa kwa sababu msimu wa vimbunga, unaoanza Juni, unakuwa ukingoni. Wengi hushuka kwanza kusini-magharibi kuelekea Cape Verde, ndipo wageukie magharibi wakiwa na upepo tezi.

Upepo huo ni ndugu wa kaskazi yetu, nao hutoka kaskazini-mashariki. Tofauti ni kwamba kaskazi hupokezana na kusi, hivyo jahazi lililokwenda lilingoja msimu na kurudi kwa upepo mwingine. Huu wa Atlantiki haugeuki hivyo. Ukishatoka siku kadhaa, kurudi ulikotoka ni kupambana na upepo wa omo na mawimbi yake. Mabaharia waliochoka siku ya tano hawana njia ya mkato. Lazima wapumzike humohumo safarini.

Hapo ndipo zamu zinapopata uzito wake. Watu wanne wana nafuu. Usiku wa ukanda huo una saa 12 na ushei, na hugawanyika vizuri: wa kwanza huanza saa 12 jioni hadi saa 3, wa pili hadi saa 6, wa tatu hadi saa 9, wa mwisho hadi kunapokucha. Kila mmoja anakesha saa 3, kisha ana saa 9 zake.

Wakiwa wawili, hupokezana kila baada ya saa 3. Ukitoa muda wa kukabidhiana zamu, kuvua nguo zilizolowa na kuutafuta usingizi, zinabaki saa 2 hivi. Mzunguko mmoja wa usingizi wa mtu mzima huchukua kama dakika 90, kwa hiyo kila mapumziko huambulia mzunguko mmoja tu ulio kamili. Deni linalobaki lazima lilipwe mchana. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Nani angemkabidhi mlevi roho za wenzake?

Watu wachache wasingeweza safari hii kama wangelazimika kushika usukani muda wote. Mwaka 1960 Mwingereza Blondie Hasler alivuka Atlantiki peke yake, akishindana kutoka Plymouth hadi New York kwa boti lake dogo, Jester, lililojiendesha kwa kifaa cha upepo. Katika aina inayotumika sana leo, bapa jepesi husimamishwa nyuma ya boti na kuelekezwa kwenye upepo. Boti likipotoka, upepo hulipiga bapa ubavuni likainama, nalo hugeuza kafi lililozama majini. Maji yanayopita hulisukuma kafi upande, na kamba zake huvuta usukani hadi boti lirudi njiani. Kifaa hiki hakili umeme wala hakichoki. Ila hakina macho, na upepo ukigeuka hugeuka nao, kwa hiyo mwenye zamu habanduki.

Kulala nako kunataka maandalizi. Upepo ukitoka tezi boti huenda mrama, likilalia upande huu na huu mchana kutwa na usiku kucha. Ubavuni mwa kitanda hufungwa kitambaa kigumu cha kumzuia mlalaji asiporomoke. Jua linapoelekea kuzama, nahodha mzoefu hupunguza tanga hata kama upepo ni mwanana, kwa kuwa kikija kisulisuli usiku wa manane wote wataamshwa. Hupoteza maili chache, akanunua usingizi wa watu wake. Na yeyote wa zamu hujifunga kamba ya usalama wala haendi mbele sitahani mpaka mwenzake ameamka, maana akitumbukia wengine wamelala hakuna atakayejua.

Pamoja na ubahili wote huo, kuna usingizi mmoja usiostahili kuhifadhiwa: wa nahodha. Amri yake ya kwanza kwa kila mwenye zamu iwe, "Ukiwa na shaka, niamshe," na akiamshwa bure asinung'unike. Akinung'unika mara moja, mara ya pili hataamshwa.

Jaribio la mwisho huja na taa za Saint Lucia. Kama zimeonekana usiku, walio makini hupunguza matanga wakakaa mbali na miamba mpaka kupambazuke, ingawa wiki tatu wameitamani nchi kavu. Wanaoweza kungoja hivyo ni wale waliofika wakiwa bado na akiba.