Nauli ya Kurudi Ungoni

Wangoni ni watu wa safari tangu zamani. Wazee wetu walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitokea Afrika Kusini, wakapanda hadi Ufipa, kisha baadhi yao wakateremka tena na kuweka makao Songea. Lakini safari iliyozijenga familia zetu, na nyingine kuzivunja, ni ile ya kwenda kwenye mkonge.

Vita vya Majimaji viliiacha nchi na njaa, na Wajerumani walikuwa wamewanyonga viongozi wetu hapa Songea mwaka 1906. Kodi ikabaki palepale. Wanaume wakaenda Tanga kuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge, na kuanzia 1944 ofisi ya wenye mashamba, SILABU, ikawa inawakusanya na kuwasafirisha. Kijana aliondoka hana kitu, akarudi na fedha ya kodi na ya mahari. Hapo ndipo wazee walipomhesabu kuwa mtu mzima. Mkewe, kama alikwishaoa, alilima mahindi peke yake huku mawifi wakimchunga. Wengine hawakurudi. Hata leo ukiita majina yetu, Komba au Ngonyani, kule Korogwe mkoani Tanga, hukosi wa kuitika.

Siku hizi kinachotuondoa ni chuo, ajira au biashara. Jioni kabla ya safari baba mkubwa huja kumwusia kijana, na mama hufunga unga, maharage na karanga za kumpelekea mjomba atakayempokea Mbagala. Alfajiri basi linaondoka: kona za Lukumburu, baridi ya Njombe, Makambako, mteremko wa Kitonga, wanyama wa Mikumi. Ni kama kilomita 950 hadi Dar es Salaam, na tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, wengi hulala njiani.

Safari ya kurudi ndiyo inayonisumbua. Ndugu akifia mjini, michango inajaa kwenye simu kabla jua halijazama. Coaster inakodiwa, jeneza linaanza safari ya nyumbani usiku huohuo. Ndugu huyohuyo alipoachishwa kazi, akawa anajificha kwa aibu ya kurudi mikono mitupu, hakuna aliyemtumia nauli. Mila ya kumpima mtu kwa alichobeba ilifaa enzi za manamba. Sasa inatuulia watu.

Wazee wa ukoo, kwenye kikao kijacho wekeni mfuko wa nauli kwa walio hai.