Alama Zipi Zinatosha? Uhamisho wa Wanafunzi wa Sheria Baina ya Vyuo Vikuu vya Kenya

Makala haya yanakusudia kujibu swali ambalo aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini: mwanafunzi wa sheria anayetaka kuhama kutoka chuo kikuu kimoja hadi kingine atajuaje kwamba alama zake zinatosha? Huenda msomaji akashangaa kuliona swali la sheria katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, gredi ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne ni mojawapo ya funguo za mlango wa uanasheria nchini, jambo ambalo hata baadhi yetu tunaoifundisha lugha hii hatulisemi vya kutosha darasani. Pili, swali lenyewe lililetwa nyumbani kwetu Sachangwan na kijana wa jirani, nami sikuwa na jibu.

Wengi huijua Sachangwan kwa mkasa wa lori la mafuta lililowaka tarehe 31 Januari 2009 na kuua watu zaidi ya mia moja, au kwa mteremko ule wa barabara kuu kuelekea Salgaa. Sisi tuliozaliwa huko tunaijua pia kwa baridi na viazi. Kijana huyo alipata nafasi ya kusomea sheria katika chuo kilicho mbali na Bonde la Ufa. Mwishoni mwa mwaka wake wa kwanza mama yake alipatwa na kiharusi, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumpeleka kliniki. Nakuru mjini ni mwendo wa matatu kutoka kwetu, na katika eneo la Nakuru sheria inafundishwa na Chuo Kikuu cha Egerton, katika kampasi yake ya mjini, na pia na Chuo Kikuu cha Kabarak. Alinijia na karatasi za matokeo mkononi akaniuliza, "Kaka, alama hizi zinatosha?"

Nilichukua karatasi zile na papo hapo nikatambua kwamba tatizo la kwanza lilikuwa la kimsamiati. Neno "alama" katika mazungumzo yetu hubeba mambo manne yasiyofanana: gredi ya wastani ya KCSE, gredi ya somo mojamoja, alama za kundi la masomo ambazo hukokotolewa na shirika la KUCCPS, na alama za mitihani ya chuo kikuu. Mwanafunzi husema "alama zangu ni nzuri" akimaanisha moja, na karani wa usajili humjibu akimaanisha nyingine. Kijana wetu aliwahi kwenda katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, mwezi wake wa kwanza chuoni, kabla mama yake hajaugua, kwa kuwa tayari alikuwa akitamani kusoma karibu na nyumbani. Akaambiwa kwamba uhamisho hutegemea "alama za chuo" na kwamba angoje matokeo. Alingoja. Alipopata matokeo, muda wa kuhamia kupitia KUCCPS ulikuwa umekwisha. Neno moja lisilofafanuliwa lilimgharimu mwaka.

Basi tuyatenganishe.

Tuanze na gredi ya somo, kwa kuwa ndiyo isiyosamehe. Kwa mujibu wa Sheria ya Chuo cha Mafunzo ya Uanasheria ya mwaka 2012, ambacho wengi hukijua kwa jina la KSL, miongoni mwa masharti yanayohusu kuingia chuoni humo ni wastani wa C+ katika KCSE pamoja na gredi ya B katika Kiingereza au Kiswahili. KUCCPS nayo hudai B hiyo hiyo kwa anayeomba shahada ya sheria. Izingatiwe kiunganishi "au". Mwanafunzi aliyepata C+ katika Kiingereza na B katika Kiswahili amekidhi sharti hili sawasawa na yule aliyepata kinyume chake. Aliyepata B- katika lugha zote mbili hatasaidiwa na kuhama chuo, hata akihamia chuo chenye sifa kubwa kuliko vyote, kwa sababu gredi hiyo itamfuata hadi lango la KSL. Iwapo diploma au shahada nyingine yaweza kufidia upungufu huo ni suala lililozua kesi nyingi mahakamani kwa miaka mingi, na sipendi kumshauri kijana ajenge maisha yake juu ya kesi. Kwa hiyo anayetaka kujua kama alama zake zinatosha na aanze hapa, kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

(Ni kinaya kwamba mtu anaweza kuingia katika taaluma ya sheria kwa B ya Kiswahili, kisha asisome hata sura moja ya sheria kwa Kiswahili hadi anapohitimu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitambua lugha hii kuwa ya taifa na pia rasmi. Jirani zetu wa Tanzania walibadilisha sheria mwaka 2021 na kuifanya lugha ya mahakama. Hilo ni suala la makala nyingine.)

Gredi ya wastani haihitaji maneno mengi. C+ ndiyo kiwango cha chini cha kujiunga na shahada, lakini nafasi za sheria hugombaniwa na waliopata zaidi ya hapo, hivyo C+ humfikisha mtu mlangoni tu.

Alama za kundi ndizo zinazotatanisha wengi. Kundi la masomo ya sheria lina nafasi nne: Kiingereza au Kiswahili, Hisabati au somo moja la sayansi, somo moja la jamii au dini, na somo jingine moja. Kila gredi ina thamani, kuanzia A yenye pointi 12, A- pointi 11, B+ pointi 10, na kuendelea kushuka. Masomo manne yana jumla ya juu ya pointi 48, na masomo saba yanayohesabiwa katika KCSE yana jumla ya juu ya pointi 84. Kanuni iliyozoeleka kwa miaka mingi ni hii: gawanya pointi za kundi kwa 48, gawanya jumla ya pointi kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha uzidishe kwa 48. KUCCPS yenyewe ndiyo hutoa hesabu rasmi na imekuwa ikiifanyia marekebisho, kwa hiyo ya kalamu ichukuliwe kuwa ya kukaribia.

Tuchukue karatasi ya kijana wetu. Alipata pointi 11 katika Kiswahili, 10 katika Kiingereza, 9 katika Hisabati, 9 katika Biolojia, 8 katika Kemia, 12 katika Historia na 11 katika Elimu ya Dini ya Kikristo. Jumla ni 70, yaani wastani wa B+. Katika kundi tunachukua Kiswahili 11, Hisabati 9, Historia 12 na Dini 11, jumla 43. Hesabu inatupa takriban 41.47. Sasa tuondoe Kiswahili tuweke Kiingereza cha pointi 10: kundi linashuka hadi 42 na hesabu inashuka hadi takriban 40.99. Karibu nusu pointi imepotea. Katika kozi ambayo waombaji hupangwa hadi tarakimu za nukta, nusu pointi ni watu wengi waliosimama mbele yako. Wanafunzi wanaoambiwa kwamba Kiswahili ni somo la kupitisha muda na wasomewe hesabu hii.

Alama hizo hulinganishwa na nini? Hulinganishwa na kikomo cha kozi hiyo, katika chuo hicho, kwa mwaka wako. Kikomo si idadi iliyoandikwa kwenye sheria. Ni alama za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi. Ndiyo maana hubadilika mwaka hadi mwaka, na ndiyo maana ni kosa kujipima kwa kikomo cha dada yako aliyesajiliwa miaka mitatu iliyopita. Anayeomba uhamisho kupitia KUCCPS sharti awe amefikia kikomo cha kule anakokwenda, pawe na nafasi, na vyuo viridhie. Dirisha la maombi hufunguliwa kwa muda mfupi baada ya wanafunzi wapya kupangiwa vyuo. Katika hatua hii alama za chuo kikuu hazina kazi kwa sababu bado hazipo. Huu ndio ukweli ambao kijana wetu alinyimwa.

Kwa aliyefika mwaka wa pili mambo hugeuka. Huyo huandikia chuo moja kwa moja na kuomba akubaliwe pamoja na masomo aliyokwisha kufanya, na hapo ndipo nakala ya matokeo ya chuo inaposomwa kwa makini. Katika vyuo vyetu vingi A ni 70 na kuendelea, B ni 60 hadi 69, C ni 50 hadi 59 na D ni 40 hadi 49. Kijana alikuwa na masomo manane: 66, 63, 61, 61, 58, 57, 55 na 43. Wastani ni 58, yaani daraja la pili la chini. Yeye aliuona wastani huo akakata tamaa. Mimi naona alikuwa akiangalia pasipofaa. Wastani wa 58 si wa kujivunia sana wala si wa kuaibisha, hasa katika mwaka wa kwanza wa sheria ambao huwapunguza wengi. Kilichopaswa kumshughulisha ni ile 43, na hasa jina la somo lililoibeba: Sheria ya Jinai.

Kanuni za Elimu ya Sheria za mwaka 2016, zinazosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria, zinataja masomo 16 ya lazima ambayo kila shahada ya sheria haina budi kuwa nayo. Sheria ya Jinai imo, kama zilivyomo Sheria ya Mikataba, ya Madhara, ya Katiba, ya Ushahidi na nyinginezo. Chuo kinachokupokea ndicho kitakachotia sahihi kwamba umeyafaulu yote. Somo la hiari lenye 43 laweza kuachwa nyuma bila hasara kubwa. Somo la lazima lenye 43 ni mzigo ambao chuo kipya kina haki ya kuukataa, hata kama kule ulikotoka lilihesabiwa kuwa limepitwa. Kwa maoni yangu mwombaji asitarajie somo lolote la D kubebwa. Ajihesabie yale ya C na kuendelea, kisha ajiulize: yakikubaliwa hayo tu, nitarudi nyuma kiasi gani? Ni swali la miezi na karo, na mkopo wa HELB, kwa wanaoupata, hauna budi kuhamishwa nao.

Pia kuna jambo ambalo alama hazilisemi. Jina la kozi si maudhui yake. Vyuo viwili vyaweza kuwa na "Utafiti wa Kisheria" kimoja kikifundisha muhula mzima na kingine nusu. Kwa hiyo nakala ya matokeo ipelekwe pamoja na muhtasari wa kila kozi, uliopigwa mhuri. Nimeona ombi lenye alama za B likikwama kwa kukosa karatasi hizi.

Tena, chuo unachokwenda kikaguliwe kama unavyokaguliwa wewe. Mwaka 2015 Baraza liliagiza shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Moi ifungwe kwa sababu za ithibati, suala likafika mahakamani, na wanafunzi wakaishi kwa wasiwasi ingawa shule hiyo haikufa. Orodha ya vyuo vyenye leseni hutolewa na Baraza. Isomwe kabla ya kulipa chochote.

Wenzetu wa Marekani huhama baada ya mwaka wa kwanza, na kinachotazamwa zaidi ni nafasi ya mwanafunzi katika darasa lake. Kule shule za sheria zinazopokea wahamiaji wa kutosha hutakiwa kutangaza idadi yao na alama walizokuja nazo, hivyo mwombaji hujipima kwa takwimu za watu waliopita njia hiyo hiyo. Laiti vyuo vyetu navyo vingebandika karatasi moja ya namna hiyo ukutani! Ingewaepusha vijana wengi na safari za kutoka ofisi hadi ofisi.

Tuliandika ombi pamoja, mezani kwa mama yake. Nilimshauri asiifiche ile 43 wala asiilie machozi. Aseme katika sentensi mbili kwamba mtihani huo aliufanya wiki aliyokuwa hospitalini na mgonjwa wake, aambatanishe barua ya hospitali, kisha aombe mwenyewe kulirudia somo. Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Masomo saba yalikubaliwa, na Sheria ya Jinai ataisoma upya pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mama yake, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, aliniuliza, "Mwalimu, hiyo arobaini na tatu itaonekana tena?" Nikamweleza kwamba chuo kipya kitaandika alama mpya, ila nakala ya chuo cha kwanza haifutwi, na mwanawe atakuwa nayo popote atakapotakiwa kuionyesha.