Soko Lenye Mashahidi: Jumuiya za Mtandaoni, Kiswahili na Imani baina ya Mfanyabiashara na Mteja katika Afrika Mashariki

Ikisiri
Makala haya yanaeleza umuhimu wa jumuiya za mtandaoni kwa wafanyabiashara na wateja wa Afrika Mashariki. Hoja yake kuu ni kwamba jumuiya hizo zina thamani kwa sababu ni mashahidi wa biashara, na kwamba ushahidi huo hujengwa kwa lugha. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo ya kisera.

1.0 Utangulizi
Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la mtandaoni methali hii yahitaji kutazamwa upya, kwani humo kizuri na kibaya vyote hujitembeza. Muuzaji wa vitenge aliyeko Goma na mnunuzi aliyeko Kampala hukutana kwa picha, ujumbe wa sauti na namba ya simu. Mnunuzi hawezi kukipapasa kitambaa, wala kumuuliza jirani wa duka habari za muuzaji. Je, ni kitu gani kinachomfanya atume pesa kabla ya kuuona mzigo?

Ili kulijibu swali hili, ni vyema kutofautisha dhana mbili. Mtandao wa kijamii, kama vile Facebook au WhatsApp, ni chombo cha mawasiliano. Jumuiya ya mtandaoni ni watu wanaozungumza humo kwa muda mrefu kiasi cha kujuana kwa maneno na vitendo vyao. Chombo humpa mfanyabiashara hadhira. Jumuiya ndiyo humpa imani ya wateja.

2.0 Jumuiya kama shahidi
Kikundi cha WhatsApp, ambacho tangu mwaka 2022 chaweza kuwa na washiriki hadi 1,024, hutekeleza kazi iliyokuwa ya mtaa. Mshiriki huuliza, "Kuna aliyewahi kununua kwa huyu?" Mwingine hujibu, "Mzigo umefika salama," akiambatisha picha. Kauli ya pili haimsifu muuzaji hata kidogo. Hutoa taarifa tu. Hata hivyo, ina nguvu kuliko tangazo, kwa kuwa aliyeitoa hafaidiki na mauzo na anajulikana kwa wanaomsoma.

Kwa mfanyabiashara, mazungumzo haya ni utafiti wa soko usiolipiwa: humjulisha saizi zinazotafutwa, rangi zisizopendwa na bei inayolalamikiwa. Wateja wa zamani huwajibu wapya maswali ambayo yangehitaji mhudumu wa kuajiriwa. Kwa mteja, faida kubwa ni sauti. Lalamiko la mtu mmoja dukani hupuuzwa kwa urahisi. Likitolewa mbele ya mamia, muuzaji hulazimika kulijibu, na jibu lake hubaki kwenye kumbukumbu.

Kiswahili kina nafasi yake hapa. Viitishi kama "ndugu mteja", "dada", "mama" na "mkuu" huuweka muamala ndani ya wajibu wa kijamaa: anayeitwa ndugu hutarajia kutendewa kama ndugu. Lakini tapeli naye huyajua maneno hayo. Ukarimu wa lugha pekee hautoshi kuwa dhamana, unahitaji mashahidi.

3.0 Ushahidi unapofichwa, unapoghushiwa na unapopotea
Ushahidi huo hudhoofika kwa njia tatu. Kwanza, hufichwa. Kauli iliyoenea, "bei inboksi", huyahamisha mapatano kutoka barazani hadi chumbani. Zipo sababu halali, kama vile kutowaonyesha washindani bei. Hata hivyo, wateja wawili waweza kutajiwa bei tofauti kwa bidhaa ileile, na jumuiya isijue.

Pili, hughushiwa. Sifa zinazotolewa na akaunti bandia, au picha za miamala zilizochezewa, huiga kauli za mashahidi wa kweli.

Tatu, hupotea. Nchini Uganda, kuanzia Julai 2018, watumiaji wa mitandao ya kijamii walitozwa shilingi 200 kwa siku. Mwaka 2021 tozo hiyo ilibadilishwa kuwa asilimia 12 ya gharama ya data. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa. Muuzaji aliyekuwa amejenga ukurasa wake kwa miaka mingi alikuta wateja wake na ushuhuda wao wako nyuma ya kizuizi, wasifikike ila kwa programu za kukikwepa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, ila katika nyumba ya mwingine.

4.0 Pengo la lugha
Biashara hii huzungumzwa kwa Kiswahili, lakini kinga yake mara nyingi huandikwa kwa lugha nyingine. Sheria za ulinzi wa data za Kenya na Uganda, zote za mwaka 2019, zimeandikwa kwa Kiingereza. Tanzania ilichukua mwelekeo tofauti mwaka 2021 ilipobadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama.

Istilahi za kawaida nazo huzua migogoro. Kenya, Uganda na Tanzania kila moja ina "shilingi" yake. Rwanda, Burundi na Kongo kila moja ina "faranga" yake. Katika kikundi kinachovuka mipaka, bei isiyotaja nchi ni chanzo cha ugomvi.

5.0 Hitimisho na mapendekezo
Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi. Uamuzi huo utakuwa na maana kwa mchuuzi iwapo utafika sokoni. Makala yanapendekeza kwamba:

(i) miongozo ya biashara mtandaoni imtake muuzaji ataje hadharani bei, sarafu na masharti ya kurudisha bidhaa;
(ii) Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki isanifu istilahi chache za malalamiko, fidia na faragha zinazoeleweka kutoka Mombasa hadi Bukavu;
(iii) serikali zipime athari kwa wafanyabiashara wadogo kabla ya kutoza au kufunga mtandao wowote;
(iv) wafanyabiashara wahimizwe kutunza orodha ya wateja wao, kwa ridhaa ya wateja hao, nje ya mtandao mmoja.

Mteja anayetuma pesa kwa asiyemwona huwategemea wale waliotangulia kununua. Sera njema ni ile itakayolinda uwezo wao wa kusema waliyoyaona.