Moshi wa Jikoni na Kifua cha Mtoto

Katika vilima vya Bugeshi na Mudende, wilayani Rubavu nchini Rwanda, baridi ya milima ya volkano huwakusanya watu wa nyumba karibu na jiko kila jioni. Mama hupika huku mwanawe yu mgongoni katika mbeleko, na mlango hufungwa ili joto lisitoke. Hakuna awezaye kuilaumu desturi hiyo, kwani baridi haina huruma. Lakini joto linapofungiwa ndani, moshi nao hufungiwa pamoja nalo, na moshi huo huwarahisishia kazi maadui wasioonekana kwa macho.

Maadui hao ni vijidudu viitwavyo bakteria, hasa vile viletavyo nimonia, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa umusonga. Yafaa msomaji afahamu kwamba vijidudu hivyo mara nyingi hukaa puani na kooni mwa watoto wenye afya njema bila ya kuwadhuru. Basi jambo kubwa si kuingia kwao tu, bali ni kupata kwao mahali pa kushika.

UFAGIO WA MWILI

Njia ya pumzi, tangu puani hadi mapafuni, imetandikwa seli zilizobanana kama vigae vya sakafu. Nyingi kati yake zina vijinywele vidogo mno vinavyopiga kwa pamoja bila kuchoka, na juu yake umetanda ute. Vumbi na vijidudu hunaswa katika ute huo, kisha vijinywele huusukuma kuelekea kooni, ukamezwa au ukatemwa. Kijidudu kisichoshika hufagiliwa kama taka. Kilichoshika hubaki na kuzaana.

Kinashikaje? Juu ya seli kuna vipokeo, navyo ni mfano wa milango ambayo mwili huitumia kupokea ujumbe wake wenyewe. Kijidudu cha nimonia kimevaa kemikali inayofanana na ile ya mwili, na kwa ufunguo huo wa bandia hujishikiza mlangoni. Tena hukata sukari zinazofunika seli, mahali pa kushika pakawa wazi. Virusi vya mafua navyo hukata sukari hizo, na hii ni sababu mojawapo ya nimonia kufuata nyuma ya mafua.

Kijidudu cha kifaduro ni kikali zaidi, kwani hushika vijinywele vyenyewe, na sumu yake huziua seli zilizo navyo. Ufagio ukisha kuvunjika, mtoto hubaki na kikohozi tu cha kusafishia kifua, wiki baada ya wiki, hata baada ya dawa kuviua vijidudu.

MADHARA YA MOSHI

Moshi hudhoofisha vijinywele hivyo. Zaidi ya hayo, mwaka 2011 watafiti wa London walionyesha kwamba seli za njia ya pumzi zikiguswa na chembe za hewa chafu huongeza milango ile ile ya kushikwa, na vijidudu vya nimonia vikajishikiza kwa wingi zaidi.

Mwaka 2014, Wizara ya Afya ya Rwanda ikishirikiana na kampuni ya DelAgua iligawa majiko sanifu ya kuni pamoja na vichujio vya maji kwa kaya maskini zaidi ya 100,000 za Mkoa wa Magharibi, ambamo Rubavu imo. Watafiti waliofuatilia waliona kwamba magonjwa ya kifua kwa watoto wa chini ya miaka 5, kama walezi walivyoyaeleza, yalipungua kwa kiasi cha robo. Lakini vipimo vya hewa waliyoivuta watu havikuonyesha kupungua kwa moshi. Tunajifunza kwamba jiko jema halitoshi peke yake: likiwashwa katika chumba kilichofungwa, chumba kitajaa moshi tu.

LA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza ni chanjo. Aprili 2009 Rwanda ilikuwa ya kwanza miongoni mwa nchi zinazosaidiwa na shirika la Gavi kuingiza chanjo ya vijidudu vya nimonia katika ratiba ya watoto wote. Chanjo huufundisha mwili kuvikamata vijidudu mapema. Mtoto asikose hata dozi moja.

Pili ni maziwa ya mama. Ndani yake mna sukari zinazofanana na zile za seli. Vijidudu hudanganyika vikashika maziwa, vikaliacha koo.

Tatu, pikeni nje au katika banda lipitishalo hewa, kwa kuni zilizokauka vizuri. Mtoto na apakatwe na mwingine mbali na jiko. Baba naye anaweza kazi hiyo. Wala asivute sigara ndani ya nyumba, kwani moshi wake huongeza milango hiyo hiyo.

Nne, mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mwenye umri wa miezi 2 hadi 11 akivuta pumzi mara 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi, apelekwe kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani kila avutapo pumzi, au akishindwa kunyonya, akimbizwe hospitali hata kama ni usiku. Usipoziba ufa utajenga ukuta.